Hata wa Mwisho Alifika

Ndugu msomaji, mazungumzo haya niliyatoa Jumamosi moja jioni mbele ya vijana wenzangu wa Mbweni, Wilaya ya Kinondoni, tukiwa tumekaa chini ya mwembe baada ya mechi ya mtaani. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nawe jihesabu umekaa nasi hapo hapo kwenye mkeka.



Naona wengine mmeanza kucheka. Mnanijua. Mimi ndiye yule muuza samaki wa baiskeli aliyekuwa akiwapigia kengele asubuhi wakati bado mmelala. Leo sikuja na tenga. Nimeombwa nizungumze juu ya kufanikiwa wakati wa shida. Sasa, mara nyingi anayekuja kuzungumza habari kama hizo ni mtu aliyeshuka kwenye gari. Anakwambia "amini utaweza", kisha anapanda gari lake anaondoka, nawe unabaki na njaa yako. Mimi nina baiskeli mbili na friza moja, basi. Nitawaambia mambo ya saizi yangu.

KIKOHOZI CHA VUMBI

Mwaka 2019 nilikuwa na umri wa miaka 19. Kidato cha nne nilikuwa nimepata sifuri. Nyumbani tulikuwa mimi, Bibi na wadogo zangu wawili. Alfajiri nilikuwa nateremka ufukweni mnadani, nanunua changu na vibua, napakia kwenye tenga, napiga baiskeli kupitia Boko mpaka Tegeta. Siku samaki wakipatikana tunakula vizuri. Siku za upepo mkali, ngalawa haziendi, tunakunywa uji.

Nikaanza kukohoa. Nikasema ni vumbi la barabarani. Wiki moja ikapita, ya pili, ya tatu. Jioni mwili unapata joto. Usiku natoka jasho mpaka shuka linalowa. Suruali ikaanza kunivuka, nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda. Kijiweni wakaniambia, "Wewe umetupiwa jini, nenda ukatazamwe." Nikaenda kwa mtu akanipa unga wa kuchanganya na uji, nikamwachia pesa ya samaki ya siku nne. Kikohozi kikabaki pale pale.

Aliyeniokoa ni Bibi. Asubuhi moja alikaa mlangoni akaniambia, "Mjukuu wangu, leo hupiti hapa na baiskeli mpaka uende zahanati. Nimeshazika watoto, sitaki kuzika na wajukuu." Nikaenda. Nikatoa makohozi, yakapimwa. Jibu: kifua kikuu, au TB kama tunavyoiita mtaani.

Wewe unayesoma, shika hapa. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi siyo cha kubahatisha. Kama kina homa za jioni, jasho la usiku, kupungua mwili, kukosa hamu ya kula au makohozi yenye damu, nenda ukapime. Katika vituo vya serikali kupima na dawa zake ni bure. Ugonjwa huu unaletwa na kijidudu kinachosafiri kwa hewa, mgonjwa asiyetibiwa anapokohoa au kupiga chafya. Jini halihusiki. Hauambukizwi kwa sahani, kwa kikombe wala kwa kupeana mkono. Nasema hivyo kwa sababu nyumba fulani niliyozoea kukaribishwa chai walinitengea kikombe changu, chenye alama ya rangi nyekundu. Kikombe kile kiliniumiza kuliko kifua chenyewe.

DAWA ZILIZOBAKI KWENYE KOPO

Matibabu yangu yalikuwa ya miezi 6. Miezi 2 ya kwanza ni dawa za aina 4 zilizounganishwa ndani ya kidonge, na miezi 4 inayofuata ni za aina 2. Kila siku unameza. Mkojo unageuka rangi ya chungwa, wala usishtuke, ni dawa tu. Ukiona macho yamekuwa ya njano, au unatapika sana, au macho hayaoni vizuri, usiache kimya kimya. Rudi kituoni siku hiyo hiyo.

Nilianza mwezi Machi. Baada ya mwezi mmoja na nusu nikawa mtu mpya. Kikohozi kimekwisha, nakula ugali wa watu wawili, uzito umerudi. Nikapanda tena baiskeli yangu. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Mwezi wa tatu nikajiambia, "Mimi nimeshapona. Dawa za nini tena?" Siku ya kwenda kuchukua dawa ilikuwa siku ya bamvua, samaki wengi, nikaona nitapoteza biashara. Nikaruka wiki. Kisha nikaona haya kurudi, nikaogopa nitasemwa. Wiki ikawa mwezi. Bibi akiuliza, namwambia nimemeza. Kumbe vidonge viko kwenye kopo la maziwa, chini ya kitanda.

Jamani, si kwamba nilikuwa mjinga. Nilikuwa najiona hodari. Nilidhani kujiona mzima ndiyo kuwa mzima. Baadaye nesi alinieleza vizuri: dawa zinaua kwanza vijidudu vingi vinavyozaliana haraka, ndiyo maana unapata nafuu mapema. Lakini vinabaki vingine vimejificha, vinakufa polepole. Miezi ile ya mwisho ni kwa ajili ya hivyo. Ukiacha katikati, vilivyobaki vinaweza kuinuka tena, na vingine vikawa sugu, visisikie dawa za kawaida. Kifua kikuu sugu matibabu yake ni magumu zaidi. Kwa miaka mingi wagonjwa wetu walikuwa wakipelekwa mpaka hospitali ya Kibong'oto, kule Kilimanjaro.

Mwezi Agosti, nikiwa napandisha kilima na tenga limejaa, nilikohoa nikaona damu kwenye kiganja changu. Nikashuka kwenye baiskeli. Baiskeli ikaanguka, samaki wakamwagika mchangani, gurudumu la mbele likapinda. Nikakaa pembeni ya barabara nikalia kama mtoto. Magari yanapita, na mimi nalia.

GOTI LA AKHWARI

Nilikokota ile baiskeli mpaka kwa mzee mmoja fundi baiskeli. Mzee yule hakuwa na maneno mengi. Nilimwamkia, "Shikamoo Babu," akaitikia, akaanza kunyoosha gurudumu. Mimi nikamwambia kila kitu. Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Labda kwa sababu alikuwa ananipa mgongo.

Nilipomaliza akaniuliza, "Unamjua John Stephen Akhwari?"

Nikasema jina nimelisikia redioni.

Akanisimulia. Mimi baadaye nimeisoma habari hiyo mwenyewe, na wewe unapaswa kuijua maana ni yetu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, wanaume 75 walianza mbio za marathoni, kilomita 42 na kitu. Mji ule uko juu, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi. Kati yao alikuwemo Akhwari, Mtanzania kutoka Mbulu. Misuli ikamkaza. Kisha katika kusukumana akaanguka, goti likateguka, bega likagonga barabara. Wanariadha 18 siku ile waliacha njiani, na hakuna aliyewalaumu. Yeye akafungwa bandeji, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea.

Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani jua limeshazama, watu wengi wameshaondoka. Saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Wa 57, na wa mwisho. Walipomuuliza kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma safari ile yote ili aanze mbio tu, ilimtuma amalize.

Nikamwambia mzee, "Babu, hiyo naijua, ni habari ya moyo. Mimi moyo wangu umekwisha."

Akaacha spana chini. Akasema, "Watu wanaisimulia vibaya. Wanasema alikuwa na moyo. Sawa, alikuwa nao. Lakini alikubali kufungwa bandeji. Angeona haya kufungwa bandeji mbele za watu, moyo wake ungemfikisha wapi?"

Sikuwa na jibu. Akanirudishia baiskeli, hakuchukua pesa. Akanielekezea kidole upande wa zahanati.

KUANZA TENA SIKU YA KWANZA

Njia nzima nilikuwa nasikia tu sauti ya nesi akinigombeza. Nilipoingia, nikasimama mlangoni nikasema, "Sista, mimi niliacha dawa." Alinitazama kidogo, kisha akavuta kiti. Akasema, "Umerudi. Kaa."

Vijana, maneno yale mawili mimi nayathamini kuliko hotuba. Kama kuna mhudumu wa afya anasoma ukurasa huu, namwomba ayatunze.

Wakachukua makohozi upya, wakapima kama vijidudu vimekuwa sugu. Siku nilizosubiri jibu sikulala. Mungu mkubwa, dawa zilikuwa bado zinafanya kazi. Lakini sikuendelezwa pale nilipoachia. Nilianza upya, siku ya kwanza, mwezi Septemba. Miezi 6 mizima.

Safari hii nesi aliniambia nichague: kumeza dawa mbele ya mhudumu kituoni, au kuchagua mtu nyumbani anione nikimeza. Nikamchagua Bibi. Akafundishwa, akapewa maelekezo. Nesi akanieleza kwamba njia hii ya kuangaliwa ukimeza ina historia hapa kwetu. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977. Wataalamu wa Tanzania, wakishirikiana na daktari mmoja aliyeitwa Karel Styblo, walionyesha kwamba nchi isiyo tajiri inaweza kuponya watu wengi ikiwa mgonjwa hasahauliwi, anapimwa, anaandikwa, na anafuatwa mpaka mwisho wa dozi. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia nzima. Miaka iliyofuata likapendekeza kwa nchi nyingine utaratibu wa namna hiyo, ule uitwao DOTS. Kwa hiyo Bibi kukaa mbele yangu na kikombe cha maji, akisema "fungua mdomo nione," ni jambo ambalo dunia ilijifunza pia kutoka kwetu.

MOYO NA DAWA

Sasa nifike kwenye lile nililoitiwa.

Watu husema ukiwa na mtazamo mzuri utashinda kila kitu. Mimi nasema hapana. Mwezi ule wa Juni nilikuwa na mtazamo mzuri kupita kiasi. Nilijiona mzima, shujaa, mwenye bahati. Mtazamo huo ulitaka kuniua. Moyo mzuri hauui vijidudu, dawa ndiyo inayoua. Lakini dawa nayo haitembei yenyewe kutoka kwenye kopo mpaka mdomoni. Moyo ndio unaokuamsha saa 12 asubuhi, siku ya 97, huna homa wala kikohozi, tumbo linachafuka, ukameza tu. Moyo ndio unaokurudisha kwenye mlango ulioukimbia.

Kwa hiyo nilijifunza mambo matatu, na nayasema bila mapambo.

Kwanza, sema ukweli mapema. Ile miezi niliyomdanganya Bibi ndiyo iliyoniponza. Kama nimekosa siku moja, niseme siku hiyo hiyo. Siku moja inatengenezeka. Miezi mitatu ni habari nyingine.

Pili, hesabu siku, usihesabu watu. Nilinunua daftari, nikaandika namba 1 mpaka mwisho. Kila asubuhi nakata mstari. Wenzangu wamepata kazi, wengine wameoa, mimi nakata mstari. Nilipoacha kuwatazama wao, usingizi ulirudi.

Tatu, mchague mtu wa kukuona ukimeza. Hili silo la dawa peke yake. Kama unataka kuacha pombe, kama unataka kurudi shule, kama unaogopa kwenda kupima Virusi vya UKIMWI, mpe mtu mmoja ruhusa ya kukuuliza kila siku. Ndivyo nilivyopima mimi, maana mwenye kifua kikuu hushauriwa kupima vyote viwili. Bibi alinisubiri nje kwenye benchi.

NILICHOPATA NJIANI

Mwezi Machi 2020 nilimaliza. Makohozi yalikuwa yamepimwa mwezi wa pili, wa tano na mwisho, yote safi. Nesi akaandika kwenye kadi kwamba nimepona. Bibi aliichukua ile kadi akaiweka ndani ya sanduku pamoja na cheti chake cha ndoa.

Msidhani siku ya pili nikatajirika. Sikutajirika. Lakini lile daftari sikulitupa. Niliona kama naweza kukata mstari siku 180 na zaidi, naweza kuandika na samaki. Nikaanza kuandika nimenunua kwa ngapi, nimeuza kwa ngapi, barafu kiasi gani, waliooza wangapi. Kumbe miaka yote nilikuwa napata hasara siku za Jumatatu na sijui! Nikabadilisha. Nikaweka akiba kidogo kidogo. Mwaka 2022 nikanunua friza iliyotumika. Sasa siku ya upepo mkali mimi bado nina samaki.

Mtihani wa kidato cha nne niliurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sikupata daraja la kutangaza redioni, lakini sifuri imeondoka. Ile baiskeli ya pili anaendesha mdogo wangu, asubuhi kabla ya kwenda chuo cha ufundi. Na mtu akikohoa sana hapa mtaani, hunikuta mlangoni kwake. Wengine hunifukuza. Narudi kesho yake. Mpaka sasa nimesindikiza watu 11 kwenda kupima. Wanne walikutwa nao, na wote wanne walimaliza dozi.

Je, nashukuru kuugua? Hapana. Nisiseme uongo. Ningependa nisingeugua, nipate daftari langu kwa njia nyingine. Shida haina zawadi mfukoni mwake. Nilichopata nilikipata kwa wale walionisaidia na kwa kurudi nilipokosea.

Namalizia kwa Akhwari, maana kuna kipande ambacho wengi hawakisimulii. Habari yake haikuishia kwenye goti. Miaka miwili baadaye, mwaka 1970, alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, marathoni ile ile. Mshindi alikuwa Ron Hill wa Uingereza. Akhwari alikuwa wa 5, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Piga hesabu mwenyewe: aliupunguza muda wa Mexico kwa zaidi ya saa moja na dakika kumi. Goti lilitibiwa, mtu akarudi kazini. Mwaka 2008 mwenge wa Olimpiki ulipopita hapa Dar es Salaam, naye alikuwa mmoja wa walioukimbiza.

Kwa hiyo wewe uliye wa mwisho leo, uliyefeli, uliyeacha dawa, uliyezaa ukiwa shuleni, uliyetengewa kikombe: nenda ukafungwe bandeji kwanza. Usione haya. Kisha endelea na mbio zako, hata kwa kuchechemea.

Na kama una kopo chini ya kitanda, litoe leo. Kesho asubuhi nenda kituoni useme, "Niliacha." Naamini kuna mtu atakuvutia kiti.

Kesho kuna vibua, nipigieni kelele mapema.

YA KUJADILIANA NA WENZAKO

1. Kwa nini msimulizi aliona haya kurudi kituoni? Sisi jirani zake tungefanya nini kumrahisishia?
2. Je, mtaani kwenu wapo wanaotengewa vikombe? Waelezeni kwa nini jambo hilo halizuii kifua kikuu.
3. Ni jambo gani uliloanza hukulimaliza? Nani unaweza kumchagua awe anakuuliza kila siku?